Mkunga wa Kapata na Chupa ya Kisiwani

Kwake uliingia ukiwa umenawa mikono. Nje ya mlango kulikuwa na beseni la bati juu ya kigoda, na kipande cha sabuni kilichotobolewa katikati na kufungwa kamba ili kisitembee, na ukijifanya umesahau ulisikia sauti kutoka ndani: «Mikono!» Padri alinawa. Kaka zake waliotoka Sandoa na magunia ya muhogo walinawa. Mimi, jirani wa ua mmoja, niliyekuwa nimetoka kufua na povu bado liko kwenye viwiko, nilinawa vilevile. Kapata yote, mtaa wetu wa wachimbaji mjini Kolwezi, ilimwita Mama Accoucheuse, kwa Kifaransa cha hospitali. Hapa nitamwita Mkunga, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya katika maternite, wodi ya wazazi ya kampuni ya shaba, mpaka kampuni yenyewe ikaishiwa pumzi. Jina lake nalijua vizuri sana, ila nikiliandika atanikasirikia popote alipo.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mikono midogo kuliko ya mwanafunzi wangu wa darasa la pili. Wanawake walisema mikono ile ndiyo iliyompa kazi. Kila alipomfunga mtoto mchanga kwenye kitambaa na kumkabidhi kwa mama yake alisema neno lilelile: «Huyu naye kesho atanipita njiani bila jambo.» Na kweli walimpita. Vijana wenye ndevu walimpita kwa baiskeli wakimrushia vumbi, na yeye akasimama pembeni, akajifuta macho, akawatambua mmoja mmoja. Hakuwakumbuka kwa majina. Aliwakumbuka kwa namna walivyofika duniani. Fundi wa viatu pale kwenye kona alikuwa «ule wa kamba mu shingo». Katekista wetu alikuwa «ule alikataa kulia». Mwanangu wa kwanza, mpaka anaoa, alikuwa «Dimanche», yaani Jumapili, kwa kuwa alimharibia misa.

Usidhani alikuwa mpole. Siku ya kuzaa kwangu nilimchukia kwa moyo wangu wote. «Sukuma! Usinifanyie théâtre hapa, tuko bengi!» Alikuwa mkali kwa mtu anayelia kwa maumivu yake mwenyewe, halafu akienda nyumbani anawasha redio na kulia kwa ajili ya matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Nilimkuta hivyo mara nyingi, machozi yanamtiririka, anachambua mchele. Niliwahi kumwuliza amefiwa na nani. «Hakuna,» akasema. «Ni vile banasoma majina ya batoto yote, mupaka wa mwisho.»

Jambo lililotushangaza zaidi ni chupa. Mkunga alipiga vita lutuku, ile pombe kali ya mahindi inayopikwa kwenye pipa nyuma ya nyumba, kwa nguvu zake zote. Alimwaga za watu. Alisema ameshapokea watoto wengi mno wanaonuka lutuku kabla hawajanyonya. Halafu ukiingia sebuleni kwake, kwenye kabati la vioo, kando ya sanamu ya Bikira Maria, ilisimama chupa ya wiski. Nilipomchokoza alinijibu bila kupepesa: «Kulewa njo zambi. Kuonja hapana.»

Chupa ilitoka kwa Mzungu mmoja, mhandisi wa pampu kule Mashamba, kwenye mashimo makubwa ya shaba ambayo bila pampu yanajaa maji. Alikuwa mtu wa kisiwa fulani cha Uskoti. Uchungu ulimpata mke wake siku ambayo mvua ilikuwa imekata barabara ya mjini, kwa hiyo alizalishwa hapahapa Kapata, kitanda cha katikati, mke wa mchimbaji upande huu na mke wa mlinzi upande ule. Mtoto alikaa vibaya, na mikono ile midogo ikamgeuza. Mhandisi akaja na shukrani yake imefungwa kwenye gazeti. Kiswahili chake kilikuwa cha mgodini, chenye amri nyingi kuliko salamu: «Mama, hii hapana kunywa lubilo. Unaonja. Unangoja. Unaonja tena. Itakuambia kitu ingine.»

Akaeleza kwamba imetengenezwa kwa shayiri peke yake, iliyokaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, kisha ikalala miaka mingi ndani ya pipa la mti, katika ghala ambalo mawimbi hupiga ukuta wake. Upepo wa bahari, alisema, uliingia humo kidogo kidogo. Mkunga alimsikiliza kama alivyomsikiliza daktari akitaja kipimo cha dawa, na tangu hapo chupa ile ikawa na kipimo na ratiba.

Ratiba yake ilikuwa hivi. Mvua ya kwanza ikishanyesha, vumbi jekundu likalala, Jumapili iliyofuata baada ya misa tulikaa wanne kwenye baraza lake: yeye, mume wake, mimi na mume wangu. Alimimina kwa kikombe cha dawa ya kikohozi, akiinama mpaka jicho lifikie mstari. Ilikuwa marufuku kunywa mara moja. «Pua mbele!» Tulinusa. Kisha tone kwenye ulimi, na kila mtu aseme ameona nini. Kisha Mkunga alipita na bomba la sindano lisilo na sindano, akatia matone ya maji katika kila glasi, mkono umetulia kabisa, na glasi zikaachwa mpaka bukari, ugali wetu, liive. Tukishakula, tulionja tena.

Mwaka wa kwanza mume wangu, aliyekuwa anafanya kazi laboratware, maabara ya kampuni, alikunja uso. «Hii ni lutuku imeungua,» akasema. Mimi niliona moshi wa mbabula, pale unapotia makaa mabichi na jiko zima likakugeuzia mgongo. Mkunga mwenyewe alinusa muda mrefu, kisha uso wake ukafunguka. «Ni salle yangu,» akasema. «Asubui, kisha kupangusa.» Na kweli, ukinusa tena uliiona iodini, krezoli, na shuka zilizochemshwa. Nilifikiri hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kufurahi kwa kunywa chumba cha kuzalishia.

Lakini aliyetushinda sote alikuwa mume wake. Huyu nitamwita Mashinisti, kwa sababu aliendesha treni ya umeme iliyovuta madini. Alikuwa Mkasai, mtu wa mkoa wa kaskazini kwetu, mrefu, mtaratibu, mwenye kupiga mluzi hata akinyolewa. Aliiweka wiski mdomoni, akafumba macho, akakaa, mpaka tukadhani amelala. Kisha akasema: «Makayabu.» Tulicheka sana. Makayabu ni samaki wa chumvi, wale wagumu kama ubao wanaoletwa kwenye masanduku kutoka mbali, na hakuna anayemwaza akishika glasi ya Mzungu. Yeye hakucheka. «Bahari, sisi hapa tunaijua kwa nini ingine?» akauliza. «Ni kwa makayabu tu. Basi njo hii.» Tukanusa tena, na hapo chini ya moshi tukaikuta chumvi, na ubao wa sanduku, na kitu kibichi cha majini ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekiona kwa macho.

Baada ya maji na bukari ilikuwa kitu kingine. Moshi ulikuwa umerudi nyuma, na mbele umekuja utamu wa asali ya porini, ile nyeusi inayouzwa kwenye chupa barabara ya Sandoa. Mashinisti alibakiza tone lake la mwisho mpaka vyombo vimeoshwa, akisema ndilo lenye maneno mengi. Glasi hazikuoshwa siku ile. Jumatatu asubuhi Mkunga alinipigia kelele kupitia ua, nami nikaenda na begi langu la chaki begani, nikanusa glasi tupu. Zilinuka jivu la moto uliozimwa vizuri, na sukari iliyoungua kidogo. Kisha nikaenda kufundisha watoto kujumlisha. Sijawahi kuwa na furaha ya kipuuzi namna ile tena.

Kila mwaka ilibadilika. Mwaka wa pili chumvi ilikuwa mbele na moshi umepungua. Uliofuata utamu ulikuja mapema, na moshi ukaja nyuma yake, kama mgeni aliyechelewa. Mashinisti alisema wiski ndiyo inabadilika. Mkunga alisema ni ulimi. «Ni siye tunazeeka. Yenyewe iko kule ilikuwaka.» Walibishana hivyo kutwa, na kubishana kwao kulikuwa namna yao ya kushikana mikono mbele za watu. Mume wangu alijaribu kusema kwamba ni hewa inayoingia kila chupa inapofunguliwa, ila hakuna aliyemsikiliza. Wote wawili walikuwa wanaufurahia ule ubishi.

Mashinisti alikuwa amemnunulia mkufu wa malakiti, shanga za jiwe la kijani zilizosuguliwa mpaka zikang'aa. Mkunga hakuuvaa hata siku moja. Alisema unagongagonga akiinama kazini. Uliningʼinia kwenye msumari juu ya kitanda chao, na aliufuta vumbi kila Jumamosi.

Kisha ikaja miaka ile. Mhandisi alikuwa ameshaondoka, pampu za Mashamba zilikuwa zinakufa moja moja, mishahara ikawa hadithi ya zamani. Watu wakiwa na njaa hutafuta wa kumlaumu, na kwenye mikutano na kwenye redio walitajiwa: Bakasai. Warudi kwao. Mashinisti alikuwa amezeekea Kolwezi. Sijui «kwao» walitaka kumaanisha wapi. Mtaa kwa mtaa walitolewa kwenye nyumba za kampuni, na waliotolewa tuliwaita barefulé, waliorudishwa, neno la Kifaransa tulilolizoea haraka mno.

Siku vijana walipofika kwenye lango lao, Mkunga alitoka amevaa blauzi yake nyeupe ya kazi. Mimi nilikuwa kwenye ua, nimeshika waya wa nguo. Aliwatazama, akaanza kuwataja. «We ulikuya na miguu mbele. Na we, mama yako alilala kwangu wiki muzima. We, kitofu chako nilikata mi.» Nilidhani wataona haya. Hawakuona. Walimsalimu kwa adabu, mmoja akavua kofia. «Jambo, Mama Accoucheuse. Siye hatukuye kwako. Tunakuya kwa Tata, bwana yako.» Ile adabu yao ndiyo iliyonitisha kuliko mapanga waliyoshika. Hawakumgusa hata unywele.

Mashinisti akaenda stesheni pamoja na wengine, kungoja treni ya Kasai. Walingoja majuma, familia nzima chini ya plastiki, juu ya magodoro, kati ya masufuria na makabati. Mkunga alikwenda kila siku. Alipeleka chakula, kisha akabaki kuzalisha, maana wanawake wajawazito walikuwa wengi na hakuna aliyewahesabia miezi. Walizaa pale kwenye kokoto, wenzao wamewazungushia vitenge. Alirudi jioni blauzi imeloa.

Kaka zake walikuja kutoka Sandoa wakamwambia asithubutu kupanda treni. Siku moja nilimsindikiza stesheni nimebeba sufuria la sombe, majani ya muhogo, na nikasikia walichosemezana, kwa sababu hapakuwa na pa kujificha. Mashinisti alimwambia: «We ubakie. Ulinde nyumba. Hapa ni kwenu, habatakufanya kitu. Mi nitaenda mbele, na kama byote biko sawa—»

«Eeh,» akasema Mkunga. «Mi nitabakia.»

Alisema kabla mume hajamaliza. Nilimwona Mashinisti akiacha mdomo wazi kidogo, halafu akaufunga, akatikisa kichwa taratibu, akaomba kijiko. Mkunga naye alisikia alivyosema haraka. Aliinama kwenye sufuria akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwamo. Nimewahi kujiuliza kama nami ningekuwa mwepesi hivyo, na sipendi jibu ninalopata.

Treni ilipofika ilikuwa mabehewa ya mizigo. Mashinisti alisimama akasikiliza magurudumu yakifungwa breki, akakasirika, sio kwa ajili yake mwenyewe. «Angalia vile anafunga frein. Ataumiza batu huyu.» Kisha akapanda juu kama wengine, mzee yule mrefu, amekunja magoti.

Nilitegemea Mkunga alie. Alirudi nyumbani akafagia. Mvua za mwaka ule zilipoanza niliivaa nguo yangu ya Jumapili nikakaa nikingoja kuitwa. Sikuitwa. Mume wangu akaniuliza kama nitaenda kubisha hodi, nikasema hapana, na tukala bukari letu mapema, kila mtu akitazama sahani yake. Upande wa pili wa ua palikuwa kimya, isipokuwa redio.

Alipika bukari la watu wawili. Najua kwa sababu nusu ilikuja kwangu kila siku kupitia ua, imefunikwa kwa sahani. Mabinti zao walikuwa wameolewa Kinshasa, na habari zilipita kwa wasafiri: Mashinisti yuko Mwene-Ditu, ni mzima, anafanya biashara ndogo. Kila aliyeleta habari Mkunga alimwuliza kitu kimoja tu: «Alisema atarudia?» Na msafiri, kama ni mtu mwema, alijibu kwamba alisema.

Kumbe alikuwa akiifungua chupa. Alinusa tu, hakunywa. Mchana mmoja alikuja kwangu bila kuitwa, na uso ambao sikuuona hata siku ya treni. «Moshi inaenda,» akasema. Sikuelewa. «Moshi ya ndani ya chupa. Inaenda yote. Akirudia atakuta mayi.» Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anamtunzia. Chupa ilikuwa imebaki nusu, na mwanamke aliyesema «eeh» haraka alitaka awe na kitu kimoja cha kumwonyesha mumewe kwamba hakukiacha kiharibike.

Mume wangu alimpa jibu lake la siku zote, na safari hii alisikilizwa. Ni hewa, akasema. Chupa ikiwa na nafasi tupu, hewa inakula harufu. Uipunguze ile nafasi. «Nitaipunguzaka na nini?» Mume wangu akacheka, akasema tia hata mawe.

Alisema kwa mzaha, ila Mkunga alilichukua neno la mtu wa laboratware kama alivyochukua kila kipimo. Alikwenda akautoa mkufu msumarini, akakata uzi, akazichemsha zile shanga kama anavyochemsha vyombo vya kuzalishia, akazikausha kwenye kitambaa safi, akazitia moja moja. Wiski ikapanda vidole viwili ndani ya chupa. Alituita tukatazame. Ilipendeza sana: dhahabu, na kijani kimelala chini yake. Mume wangu aliisifu kwa sauti. Mtu aliyeshinda kutwa akitia asidi kwenye mawe yaleyale ili ajue yana shaba kiasi gani, alisimama pale akasifu. Malakiti Kolwezi iko kwenye kila kabati, imechongwa yai, imechongwa tembo, imechongwa kisahani cha sigara, na tulikuwa tumeizoea kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kuwa ni madini.

Mvua zilizofuata zilipoanza, wiski ilikuwa na rangi ya maji ya shimoni, yale ya kijani yasiyo na chura. Mkunga alilowesha kidole, akagusa ulimi. «Kama kulamba musumari,» akasema. Mume wangu alikuja, akaitazama kwenye mwanga, na nilimwona akielewa. Akamwambia shaba imeyeyuka humo, isinywewe na mtu, naye akataka kuomba msamaha lakini Mkunga akamkatiza. «Imekuwa ya huku,» akasema, akacheka kicheko kifupi. Akairudisha kando ya Bikira Maria. Hakuitupa.

Maternite ilifungwa, mabati yakaondoka, kisha milango. Wanawake walimfuata nyumbani, na alipokea watoto kwenye meza ya kulia. Hakuwaambia tena wasifanye théâtre. Aliwaacha walie wanavyotaka, na mimi niliyewahi kuchukia ukali wake nilitamani aurudie. Kuna watu upweke huwafanya wachungu. Yeye ulimfanya mpole, na upole ule ulikuwa mzito kuutazama.

Alikuja, Mashinisti. Ni baada ya miaka mingi, vita vimepita, watu wa Kasai wameanza kuonekana tena njiani, hawaulizwi kitu. Alikuja na lori la mafuta ya mawese linalokwenda Lubumbashi, nalo likasimama Kolwezi kwa ajili ya gurudumu. Nilimwona langoni kabla ya Mkunga. Alikuwa amekonda, amevaa kofia ya sufi kwenye joto lile. Tulisalimiana, akaniuliza habari za watoto, akamtaja Dimanche kwa jina lile. Nilimfungulia lango mimi mwenyewe, nikakimbia nyumbani, nikafunga hata dirisha la upande wao ili wawe peke yao. Nililia jikoni kwa furaha.

Aliondoka kabla ya jua kuzama. Lori lilikuwa linapiga honi. Mkunga alimsindikiza mpaka barabarani. Mimi nikamsubiri kwenye ua nikamtania kama bibi arusi, nikamwuliza mumewe atarudi lini kumchukua, au atakuja kukaa. Alinipa tabasamu, akasema amechoka. Nikachukulia kwamba mambo ya wenye nyumba yana siri yake. Siku zikapita, Mashinisti hakurudi, nami nikamlaumu kimoyomoyo: labda ana mke mwingine huko, labda bado anakumbuka ile «eeh» ya stesheni.

Mara ya mwisho nilipoonana na Mkunga ilikuwa siku aliyohama kwenda Sandoa kwa mdogo wake wa kike, kwa sababu macho yalikuwa yamemwacha na hakuweza tena kukata kitovu. Vitu vyake vilikuwa vichache na vimeshapangwa kwenye gari. Dereva alikwenda kutafuta abiria wengine. Tulikaa kwenye kizingiti cha nyumba tupu, bega kwa bega, wazee wawili sasa, maana mume wangu naye nilikuwa nimemzika. Sikumwuliza kitu. Alianza mwenyewe.

«Ile siku alikuya,» akasema. «Unajua nilimufanyia nini? Nilimupikia chai.»

Nikasema najua, niliuona moshi.

«Nikamimina. Nikaweka mbele yake. Alikuwa na kiu, mi nilimuona, midomo ilikauka. Hakuishika.»

Gari lilikuwa limesimama palepale, mlango wazi.

«Aliniangalia. Kwa adabu. Aliningoya nionje mbele.»

Kwetu ukimwekea mgeni kinywaji, unakionja wewe kwanza akikuona, ajue hakina sumu. Ni heshima, hakuna anayekasirika. Lakini ni ya mgeni. Katika maisha yangu yote ya ndoa sijawahi kuonja kikombe cha mume wangu, wala yeye kunitazama akingoja, na ningefanya hivyo angedhani nimeugua. Mwanamume haogopi chai ya nyumbani kwake.

Nikatafuta la kumfariji. Nikasema labda ni ile chupa, Mama. Labda ulimwonyesha ile wiski ya kijani, ukamwambia ni sumu, mtu akaingiwa na wasiwasi. Nilisema haraka, nikishikilia kila neno.

«Hapana,» akasema. «Chai ilikuwa ya kwanza. Chupa nilimuonyesha nyuma.»

Nikauliza Mashinisti alisema nini alipoiona chupa. Akasema aliipeleka dirishani, akaigeuza, akazitambua shanga zake, akauliza kama zilikuwa humo zikimngoja yeye. Mkunga akamjibu ndiyo. Basi aliirudisha kabatini kwa mikono miwili, taratibu sana, asiigonge.

Dereva alikuwa anarudi na watu wake. Mkunga alianza kuinuka, nikampa mkono, akabaki ameushika.

«Na chai, Mama?» nikauliza. «Ulifanya nini?»

«Nikaonja,» akasema. «Alitoka mbali. Alikuwa na kiu.»